Kwa wenye nyumba wa Dar es Salaam: sisi tunashinda humo

Baba wenye nyumba na mama wenye nyumba,

Na ninyi mlio rika langu, mliojaliwa kujenga mapema au kurithi,

Mimi ni mpangaji, Tabata, chumba na sebule, choo na bafu tunatumia pamoja watu wa uani. Nina watoto wawili. Mkubwa ana miaka minne, mdogo ndiyo kwanza anatambaa. Baba yao hutoka alfajiri kuwahi daladala na hurudi watoto wameshalala. Kwenye mkataba limeandikwa jina lake, lakini anayeamka na nyumba yenu, akapika ndani yake, akafua, akaifagia na kugombana nayo mpaka jua linazama, ni mimi. Barua hii nimeiandika vipande vipande, mdogo akisinzia, kwa hiyo mtanisamehe ikirukaruka.

Neno langu ni moja, mengine yote ni matawi yake. Nyumba zenu mmezijenga, na masharti yake mmeyaweka, kana kwamba mpangaji ni mtu wa kuja kulala tu. Sisi tunashinda humo.

Mpangaji mnayemwomba kwa Mungu tunamjua. Ni kijana hajaoa, ana kazi ya kueleweka, anakula kwa mama ntilie, nguo zake anapeleka kwa dobi, Jumapili yupo kwenye mpira. Kwake yeye chumba ni godoro, feni na mahali pa kuchajia simu. Masharti yenu yanamkaa kama suruali aliyopimiwa kwa fundi. Koki ya uani inafunguliwa asubuhi na jioni: saa hizo yupo. Marufuku kuanika mbele ya nyumba: hana cha kuanika. Marufuku kelele: apige kelele na nani? Chumba kina joto mchana, lakini mchana yeye yuko ofisini au kijiweni, na usiku kunapoa. Simchukii huyo kijana, hata mume wangu alikuwa yeye. Ila kijana huyo huoa, na mkewe huzaa, na hapo ndipo ugomvi wetu unapoanzia.

Mama mwenye watoto wadogo akitafuta chumba mjini hapa, maongezi na dalali huwa hivi:

"Dada, mko wangapi?"

"Wanne. Mimi, mume wangu na watoto wawili."

"Watoto wakubwa?"

"Mmoja miaka minne, mwingine ananyonya."

"Aah. Sawa. Ngoja nimcheki mwenye nyumba, nitakupigia."

Hapigi. Ukimpigia wewe, chumba kimeshachukuliwa, ingawa kesho yake jirani atakuambia kiko wazi na kufuli linaning'inia.

Ndiyo maana wenzangu wengi wameingia kwenye ujanja. Wanakwenda kuangalia chumba mikono mitupu, watoto wamebaki kwa jirani. Wanalipa kodi ya miezi sita, wanamlipa dalali ya kwake ya mwezi mmoja, wanahamisha vyombo. Kisha watoto wanaingia taratibu: mmoja leo, mwingine keshokutwa, "kaja kumsalimia mama". Mwenye nyumba anakuja kustuka uani kumejaa viatu vidogo. Mnasema wapangaji ni waongo, na kweli huo ni uongo. Lakini niambieni, mtu aliyekwisha kukataliwa kwa sababu ya mtoto aliyemzaa, akiulizwa tena "una watoto?" atajibu nini, na mvua za masika ziko mlangoni?

Sitajifanya sielewi mnachoogopa. Mtoto wa miaka mitatu akipata kipande cha mkaa, ukuta mliopaka rangi juzi umekwisha. Pampasi zikitupwa chooni shimo linaziba, linaitwa gari la maji taka, na anayelipa ni ninyi. Wapo wenzangu wanaozitupa humo, na nawaambia hapa hapa waache, wanatuharibia sote. Maji nayo, nyumba yenye mtoto mchanga inayatumia kuliko vijana wanne wa kazini: nepi za kitambaa, mashuka, beseni la kuogea asubuhi na jioni, sakafu inayopigwa deki kila uji ukimwagika. Sibishi hata kidogo. Ila mtu akiogopa gharama huzungumza gharama. Angesema: maji yataongezeka kiasi hiki, ukuta ukichafuka mtapaka rangi wenyewe mkihama. Tungekaa, tungepatana. Ninyi hamzungumzi, mnafunga mlango, halafu tukipenya dirishani mnashangaa.

Mwenye nyumba mmoja wa zamani, ambaye kwa mengine mengi alikuwa mzee mwema, aliniita barazani siku chache baada ya kutoka hospitali kujifungua. Nilikuwa nimepasuliwa, natembea nimeinama. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba mkataba ulisema watu watatu, na sasa anaona tuko wanne. Nikamwambia, "Baba, huyu hakuwa na pengine pa kwenda." Akacheka sana, akamshika mtoto, akamwombea dua. Na kodi ikapanda.

Yule mzee simlaumu kwa roho mbaya, hakuwa nayo. Alikuwa anahesabu vichwa kama anavyohesabu wapangaji wengine wote, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba kuna namna nyingine. Zamani nchi yetu ilikuwa na sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, na mabaraza yake ya kusikiliza mashauri ya mwenye nyumba na mpangaji. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano, na katika mapatano hayo ninyi mna funguo, sisi tuna mtoto anayelia. Imebaki Sheria ya Ardhi ya 1999, ambayo kwenye upangaji inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa amani, na nyumba ya kuishi iwe inafaa kukaliwa na binadamu. Mtoto wa wiki moja ni binadamu, nadhani hapo hatuna ubishi.

Sasa niwapeleke ndani, maana wengi wenu hamjaingia kwenye vyumba hivi saa nane mchana tangu fundi alipokabidhi.

Mwezi wa pili, bati limekolea jua, chumba hakina dari. Dari ya jipsamu ipo, lakini iko sebuleni kwenu, mbele. Dirisha letu linatazama ukuta wa chumba kingine kilichojengwa baadaye, karibu kiasi kwamba nikisimama dirishani nikanyoosha ufagio, naugusa. Upepo haupiti, utapita wapi? Namwaga maji kwenye saruji, nayakausha kwa tambara, nalaza watoto chini kifua wazi kwa sababu godoro linachoma. Mdogo ametokwa na harara shingoni na kwapani. Kijana wenu wa ndoto hajawahi kuiona saa hii ya siku katika chumba hiki. Mimi naijua mpaka kivuli cha kamba ya nguo kinafika wapi.

Na haikuwa hivi. Nendeni mkazitazame nyumba za Kiswahili zilizobaki Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke, kabla ghorofa hazijazimaliza. Baraza mbele. Mlango, kisha ukumbi mrefu unaokata katikati, vyumba huku na huku, na mwisho wa ukumbi unatokeza uani. Milango miwili ikiachwa wazi, upepo unaingia barabarani na kutokea nyuma, na mtoto aliyelazwa ukumbini juu ya mkeka analala mpaka alasiri. Uani ndiko kulikokuwa na jiko, karo, choo, pengine mwembe au mpapai. Walikaa humo wapangaji vyumba sita, na wanawake sita walishinda pale wakipepeta mchele, wakisukana, wakigombana pia, sitaki kuwapambia. Lakini mtoto akianza kutambaa kuelekea jikoni, yalikuwepo macho ya kumwona na mdomo wa kumwita. Mama mmoja angeweza kwenda sokoni akarudi.

Wale mafundi na wale wenye nyumba wa zamani hawakuwa matajiri kuliko ninyi. Walijenga kwa miti na udongo wengine, wakaezeka makuti, baadaye mabati. Walichokijua ni kwamba nyumba ina watu mchana.

Leo uani umekwisha. Kila pembe iliyokuwa na hewa mmeweka chumba, na ninaijua hesabu yake: chumba kimoja zaidi ni kodi zaidi kila mwezi, na ada za shule za watoto wenu hazisubiri. Kilichobaki ni njia ya kupita mtu mmoja, na katika njia hiyo kuna karo, ndoo, majiko, pikipiki ya mpangaji wa chumba namba tatu, na kamba za nguo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka kucheza na kupumzika miongoni mwa haki ambazo mzazi ana wajibu wa kumpa mtoto wake, pamoja na chakula na malazi. Wajibu ni wangu, nimeupokea. Nautimizia wapi? Nje ya geti kuna barabara ya vumbi na bodaboda ambazo hazipunguzi mwendo hata kwa kuku. Ndani ya geti kuna tangazo la mkono wenu: WATOTO WASICHEZE HAPA.

Tangazo hilo liko juu ya chemba ya maji taka. Na hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko penginepo, kwa sababu joto hupita na kelele huzoeleka, lakini hiki ninachokisema sasa hakirudishwi.

Mfuniko wa chemba ulivunjika. Juu yake kumewekwa kipande cha bati, na juu ya bati jiwe. Mtu mzima anajua kuzunguka. Mtoto wa miaka minne anaona jiwe zuri la kuchezea. Hatua chache pembeni kuna tangi la chini la kuhifadhia maji, ambalo siwalaumu kulijenga. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua, matangi hayo yalituokoa sote. Lakini lina mdomo wa kuingia mtu mzima, na mfuniko wake ni wa kusogeza kwa mguu. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye ndoo ya maji ya kufulia. Hapigi kelele, hana nguvu ya kujinyanyua kichwa kikishatangulia, na dakika chache zinatosha. Kwa hiyo siku nzima, nikipika, nikifua, nikimnyonyesha huyu mdogo, sikio langu moja liko kwenye tangi lenu. Nikisikia kimya natoka mbio. Mfuniko wa chuma wenye bawaba na pete ya kufuli, fundi wa kuchomelea yeyote hapo barabarani anautengeneza kwa siku moja. Kwa kodi ya miezi sita mnayoipokea mkupuo, fedha yake haionekani.

Halafu jiko. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Ni jambo zuri, na mtungi mdogo wa kilo sita ninao. Sasa tazameni mtungi huo ulivyo: kichomeo kimekaa juu yake moja kwa moja, na sufuria juu ya kichomeo. Ukiuweka sakafuni, na kwenye vyumba vyenu hakuna pengine pa kuuweka, mpini wa sufuria unakuja sawasawa na kifua cha mtoto anayejifunza kusimama. Mtoto huyo kila akitaka kuinuka hutafuta kitu cha kushika. Mimi hupika uji wao nimekaa kwenye kigoda, mguu mmoja nimeunyoosha kama boriti kumzuia, mkono mmoja unakoroga. Mama wa chumba cha pili yeye humfunga mgongoni mpaka chakula kiive, na mgongo wake unamuuma. Gesi ikiisha katikati ya mwezi tunarudi kwenye mkaa, na mvua ikinyesha jiko la mkaa linaingia kwenye korido, na moshi wake nao na hewa yake mbaya vinaingia kwa kila mtu.

Kibaraza cha zege chenye urefu wa kiuno, upana wa kutosha majiko mawili, kimejengwa ukutani kwenye kona ya uani, na bati juu yake la kuzuia mvua. Hilo tu. Mifuko michache ya saruji. Tungepika tumesimama, watoto wakatambaa chini salama. Nishati safi mmeachiwa na serikali muikamilishe ninyi, kwa sababu ninyi ndio mnaoamua jikoni ni wapi.

Mbu nitawasema kwa kifupi, lakini wao ndio ushahidi wangu mkubwa. Mwaka 2019 homa ya dengue ililipuka, na jiji hili ndilo lililoumizwa zaidi. Malaria tunaijua, mbu wake huuma usiku, chandarua kinasaidia, na kila mwenye nyumba huona amemaliza akisema "mpangaji awe na neti". Mbu wa dengue anauma mchana. Anazaliana kwenye maji safi yaliyotuama: tairi lililotupwa nyuma ya choo, mfereji wa bati uliojaa majani, tangi lisilo na mfuniko. Anamkuta nani nyumbani saa tatu asubuhi na saa kumi jioni? Nyavu za madirishani zimechanika tangu mpangaji wa kabla yetu. Tumeziba kwa vipande vya kanga, tukaziba na upepo.

Kuna kelele pia. Fremu ya mbele mmempangisha muuza redio, spika mbili ziko nje kuanzia saa mbili asubuhi. Naelewa fremu inalipa kuliko chumba. Lakini mtoto anayenyonya hulala mchana, na asipolala mchana halali usiku, na asipolala usiku wapangaji wote wanawapigia simu ninyi kulalamika kwamba mtoto wa mama fulani analia. Mzunguko wenyewe mmeuanzisha hapo kwenye fremu.

Kuhusu bili, sina ugomvi mrefu. Maji mnagawa kwa kichwa na mtoto wangu mdogo mmeshamhesabu, sawa, amehesabiwa kwa haki maana nepi zake ndizo zinazomaliza pipa. Umeme mnagawa kwa chumba, na hapo sisi tunaoshinda ndani na feni tunawapunja wenzetu wanaorudi usiku. Hilo nalikubali bila kushurutishwa, tuwekeane mita ndogo za kusoma. Lakini kwa kuwa tumefika kwenye LUKU: tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa humo, ikaanza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikawa 1,500. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo. Anayenunua umeme ni sisi. Sijawahi kusikia mwenye nyumba akiitoa kwenye kodi ya mwezi wala kuikumbuka kwa mdomo. Si fedha nyingi, ni bei ya sabuni. Ila siku mnapotuambia watoto wetu wanawatia hasara, muikumbuke na hiyo.

Najua mtakachosema: nyumba ni yangu, nimejenga kwa jasho, asiyeridhika ahame. Wengi wenu mmejenga kwa jasho kweli. Mama mwenye nyumba wa hapa tulipo alianza kwa kuuza vitumbua, na tofali la kwanza analikumbuka. Yeye mwenyewe alilea watoto watano kwenye chumba kimoja cha kupanga Buguruni, anasimulia jinsi alivyokuwa akifukuzwafukuzwa. Nilipomwuliza kwa nini basi naye anabana koki mchana, aliniangalia kama vile nimeongea Kichina, kisha akasema, "Mwanangu, na mimi nilibaniwa." Sikuwa na la kumjibu siku ile. Leo ningemjibu: mama, ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza.

Na kuhama si rahisi kama linavyotamkwa. Kodi ni ya miezi sita mbele, wengine mwaka. Ukihama katikati hurudishiwi. Dalali anataka mwezi wake upya. Kadi ya kliniki ya mtoto ina zahanati yake, na mhudumu pale anamjua. Mkubwa amezoea shule ya awali anayofika kwa miguu. Kijana wenu wa ndoto anahama na begi na godoro kwenye bajaji. Mama wa watoto wadogo akihama anakata kila uzi uliokuwa ukimshikilia: jirani anayemwachia mtoto dakika tano, muuza genge anayemkopesha nyanya, bibi wa nyumba ya tatu anayejua dawa ya mchango. Hao hawapatikani kwa dalali.

Kwa hiyo ombi langu mlichukue hivi. Mtoto aandikwe kwenye mkataba. Aandikwe aliyepo na atakayekuja, kwamba wapangaji hawa ni familia, inaweza kuongezeka, na ikiongezeka maji yatalipwa kiasi fulani na kodi ya chumba itabaki ile ile mpaka muda wake uishe. Tukiharibu ukuta tupake. Pampasi ikikutwa chooni, aliyeitupa alipe gari. Na upande wenu yaandikwe yenu: mifuniko yenye kufuli, kibaraza cha jiko, nyavu za madirisha, koki iwe wazi mchana. Mnaojenga sasa hivi, kabla hamjamwambia fundi aongeze chumba cha mwisho, mwachieni huyo mama wa kesho hatua chache za uani. Mpangaji mwenye watoto hahamihami, akipata pa kukaa anakaa miaka, nanyi mnajua chumba kikikaa wazi miezi miwili mmepoteza kiasi gani.

Kodi ya miezi mitatu mitatu ingetusaidia kuliko punguzo lolote. Waume zetu wengi hulipwa kwa siku au kwa mwezi, na miezi sita mkupuo hukopwa. Mkopo huo hulipwa kutoka kwenye fedha ya maziwa.

Nakala ya barua hii nampelekea mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa, kwa sababu ugomvi wa koki na kamba za nguo huishia mezani kwake, na kila mara naona anaamua kwa busara zake bila karatasi yoyote ya kushika. Mkataba wa mfano wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ukapatikana pale ofisini kwa yeyote anayepangisha mtaani, ungempunguzia kazi.

Mkataba wetu unafanywa upya Julai. Nimeshamwambia baba watoto kwamba safari hii tutakaa wote wawili na mama mwenye nyumba, na jina langu liandikwe pamoja na lake. Tusipoelewana, kuna mwenye chumba Tabata, Segerea au Kinyerezi anayepokea watoto wawili bila kuguna? Uani hata uwe wa hatua sita. Kodi ya miezi mitatu nimeshaitenga, na nitakuja kukiona nikiwa nao wote wawili.

Ni mimi,
Mama wa wawili,
Mpangaji, Tabata